Zege la Mtambo

Ikuti

Mjukuu wangu Tusekile,

Ugonile? Umelala salama? Sisi tupo. Mvua imezidi, babu yako analalamikia magoti, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Simu ilikatika kabla sijakujibu, ndiyo maana naandika. Uliuliza lile zege katikati ya migomba yetu ni la nini. Wakati wa vita vya Wazungu palisimama mlingoti wa mtambo wa redio, wa kupeleka habari mbali. Baba yangu alikuwa askari huko Burma. Vita vilipokwisha waling'oa mlingoti na nyaya, wakaacha zege. Baba hakurudi.

Mama alikuwa akianika maharage pale. Siku moja nikamsikia anaongea peke yake: "Binti yako ameng'oka meno ya mbele. Nyumba inavuja, ila tutaezeka."

Nikamwambia, "Mama, mtambo walishauondoa."

Akageuza maharage. "Najua. Nyamaza kwanza, sijamaliza kumsimulia."

Siku hizi simu yangu inashika mtandao pale juu ya zege tu. Ikikatika, Tusekile, huwa sishuki. Nabaki pale pale, naendelea kukusimulia.

Bibi yako