Insha Ile Ile, Jana Mbili, Leo Nne

Ña Obdulia mpendwa, naomba baraka yako kwanza kama nilivyofunzwa nyumbani, halafu naomba unisaidie kupitia safu yako ya ushauri gazetini, kwa sababu basi la Buenos Aires linaondoka Jumamosi na sijui nipande au nibaki, na wa kumuuliza sina, mama yangu anaamka alfajiri kukanda unga wa chipa, vile vimkate vya jibini, za kuuza stendi na kila akinitazama anasema, "Wewe ndiye utakayetutoa hapa," sasa nitamwambiaje kwamba shule imenishinda, tena si kwa uvivu?

Niko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Concepción. Mwalimu wetu wa lugha, nimwite Zunilda, si mtu mbaya, asubuhi anafundisha kwetu na mchana shule nyingine, anaingia darasani na tereré yake, chai ya majani ya maji baridi, mkononi huku jasho halijakauka, lakini tangu mwaka uanze hajatuambia anataka nini. Ukiandika kifupi anauliza nyama iko wapi, ukiandika kirefu umekuwa kasuku, ukiandika ya moyoni anasema hii si shajara, ukiuacha moyo nje anasema umeandika kama polisi. Darasa zima tumegeuka wapiga ramli, kabla ya kipindi tunaulizana, "Leo profe kaamka mtamu au mchungu?" na hata waliokuwa wanapenda kusoma sasa wanaandika chochote dakika za mwisho, maana ujisumbue nini kama yote ni bahati nasibu?

Mimi niliandika juu ya mafuriko, mto ulivyotutoa nyumbani tukaishi kwenye vibanda vya mbao kando ya barabara, na bibi yangu alivyokataa kuondoka mpaka kuku wake wote wapakiwe kwenye mashua. Niliandika nikilia. Ikarudi na mbili juu ya tano na neno moja, "Zaidi." Zaidi ya nini, Ña Obdulia?

Aliyethubutu kuuliza ni rafiki yangu Derlis, kijana mwenye akili kutuzidi sote. Alisimama akasema, "Profe, tuambie tu unachotaka, tutafanya."

"Mtu wa mwaka wa mwisho hatafuniwi chakula," mwalimu akajibu.

"Sitaki kutafuniwa, profe. Nauliza tu sahani iko wapi."

Darasa likaangua kicheko, mwalimu akaona amedharauliwa, akamtoa nje, na insha yake ikapata moja. Derlis hakurudi tena. Sasa amepata kazi ya ujenzi kwa mjomba wake Buenos Aires, na kila tukionana ananiambia, "Twende zetu. Huko ukuta ukipinda unaonyeshwa umepinda wapi."

Basi kwa hasira nikafanya jambo. Mwalimu alipotaka insha mpya za mashindano ya mkoa, nilinakili ile ile ya mafuriko, sikugusa hata nukta, nikabadilisha kichwa tu. Nikapewa nne! Akaisoma mbele ya wote, akasema, "Haya ndiyo niliyokuwa nawaambia. Huyu amenielewa." Kisha akapita stendi kumpongeza mama, mama akalia, akamfungia chipa za moto, na mimi nimesimama pale najiona mwizi ambaye hajaiba kitu. Sikuelewa chochote! Nikisema ukweli nitamwaibisha na anaweza kunifelisha, nikinyamaza nitapanda jukwaani na alama ya upepo, na siku hizi nikishika kalamu mkono unakuwa mzito. Nipande basi?

Mimi Mwenye Nne Nisiyoielewa

*

Mungu akubariki, mwanangu. Sasa weka begi chini.

Hujawa mvivu. Mtu anayefanya kazi bila kujua inapimwa kwa kipimo gani huchoka roho kabla ya mikono, na ninyi mmechoshwa. Lakini wewe nawe! Umemtega mwalimu, mtego umenasa, halafu unataka kutorokea Argentina? Kutega na kunyamaza ni ujanja, si ujasiri.

Mwalimu wako usimfanye shetani. Anayekimbia kati ya shule mbili husoma insha kwa macho yaliyochoka, na macho yaliyochoka hayana mizani. Namwelewa. Simsamehe, maana kijana mzima amepotea darasani mwake kwa kuuliza swali.

Leo hii mwambie mama yako. Umemwacha afurahie kitu ambacho wewe hukiamini, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuujua ukweli. Kesho nenda mapema, kabla ya kengele, na insha zote mbili. Usiende kushtaki wala kuchekesha watu. Mwambie, "Profe, hii ni insha moja. Naomba unionyeshe mbili ilitoka wapi na nne ilitoka wapi." Kisha funga mdomo. Usijaze ule ukimya kwa kuomba radhi. Akikufokea, mama yako akupeleke kwa mwalimu mkuu. Mabasi ya Buenos Aires hayaishi, mwaka wa mwisho ni mmoja tu.

*

Jibu hilo nilimsomea msichana huyu kwa simu, kwa namba aliyoiacha kwenye barua, kwa kuwa Jumamosi haingojei gazeti. Jumapili alinipigia, akaniruhusu niandike yaliyofuata.

Mama yake alipiga meza kofi, kisha akavaa viatu vyake vizuri akamsindikiza hadi getini. Mwalimu alizisoma insha zote mbili akiwa amesimama, shingo ikigeuka nyekundu. "Umenitega," akasema. Msichana akauliza mbili ilitoka wapi na nne ilitoka wapi. Mwalimu akaketi.

"Sijui," akasema mwishowe. "Ile ya kwanza, sidhani kama nilifika hata ukurasa wa pili."

Asubuhi hiyo aliandika ubaoni anachotafuta katika insha, wanafunzi wakabishana naye mpaka kengele, na akaahidi kusoma upya kazi zote za mwaka. Msichana akanakili yaliyokuwa ubaoni, akakimbia nayo kwa Derlis. Yule kijana akayasoma yote, akamrudishia karatasi.

"Mambo rahisi hivi," akasema. "Tungeambiwa tangu mwanzo."

Jumamosi alipanda basi. Msichana alibaki chini. Injini ilikuwa imeshawashwa alipotokea mwalimu Zunilda, anahema, akagonga dirisha.

"Derlis! Swali lako lilikuwa la haki."

"Najua, profe," akajibu, na basi likaondoka.