Jengo Linalosubiri Saini

Salford, 9 Novemba 2021

Mpendwa Alistair,

Hujambo, mwanangu? Mkeo Beth hajambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua baridi ikianza. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu barua pepe zangu ofisini kwenu hujibiwa na mashine.

Wewe ndiye unayeshughulikia fedha za serikali za kubandua yale mabamba yanayoshika moto kwenye kuta za magorofa. Letu limevikwa hayo chini hadi juu. Tunalipia walinzi wazunguke kwenye korido wakinusa moshi. Moira, jirani yangu wa kiti cha magurudumu, ameambiwa king'ora kikilia akae ndani asubiri. Kuta ni za mwenye jengo, nyumba zilizomo ni zetu, na kuziuza hatuwezi, hakuna benki inayotaka hata kuzisikia. Sisi tumekosa nini?

Shangazi yako,
Winnie

London, 2 Desemba 2021

Shangazi mpendwa,

Sisi hatujambo, na Beth ni mjamzito. Pole na goti.

Ombi la jengo lenu lilikubaliwa tangu Juni. Fedha zipo. Kilichobaki ni mwenye jengo kutia saini mkataba, lakini mawakili wake bado wanabishana na wetu. Nimewaandikia tena na tena. Naomba uvumilie.

Mpwa wako,
Alistair

Salford, 14 Februari 2022

Mpendwa Alistair,

Nimefurahi mno kwa habari za Beth. Mwambie ale vizuri.

Tangu Juni, na hakuna aliyetuambia. Nilimsomea Moira barua yako, akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo pesa zipo, moto uko njiani, kinachokosekana ni kalamu," akasema.

Mimi naye tulikwenda wenyewe ofisini kwa mwenye jengo. Msichana wa mapokezi akasema bosi yuko mkutanoni. Tukakaa, tukafungua sandwichi na chai yetu. Jioni polisi akatutoa, kwa adabu, sina neno naye.

Alistair, una mdomo. Mtaje huyo mtu hadharani.

Shangazi yako,
Winnie

London, 1 Machi 2022

Shangazi mpendwa,

Natumai u mzima. Siruhusiwi kumtaja mwenye jengo yeyote. Nikimtaja nitafukuzwa, na Beth anajifungua Mei. Tafadhali nielewe.

Mpwa wako,
Alistair

Salford, 24 Juni 2022

Alistair,

Sikuulizi hali. Ijumaa iliyopita jiko la kuchomea nyama liliwasha roshani ya ghorofa ya pili. Moto ulipanda ukutani haraka kuliko nilivyoshuka ngazi. Moira alikaa ndani akasubiri, kama alivyoagizwa. Wazima moto walimtoa akiwa hai. Alifia hospitalini Jumapili.

Mwenye jengo ametuma maua. Saini hajatia.

Uliniambia nivumilie. Moira alivumilia.

Winnie

London, 8 Julai 2022

Shangazi, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Nimempa mwandishi wa gazeti jina la mwenye jengo lenu, na majina ya wengine wote waliokalia fedha hizo. Nimeyatoa kwa jina langu. Ofisini wamenisimamisha kazi.

Nilipomwambia Beth, alikuwa akimnyonyesha mtoto; akauliza kwa nini sikufanya hivyo Machi. Najua nawe unauliza hilohilo.

Alistair

Salford, 3 Oktoba 2022

Mpendwa Alistair,

Hamjambo nyote watatu? Mimi naendelea.

Mwenye jengo alitia saini wiki ileile gazeti lilipotoka. Ubishi wote ule wa mawakili ulikwisha mchana mmoja. Sasa mafundi wanabandua. Niliomba kipande cha kilichokuwa nyuma ya bamba, nikapewa: sponji ya njano ya kuzuia baridi, nyepesi, unaibonyeza kwa kidole inabonyea. Niliitia mkobani palepale maegeshoni.

Sijakusamehe yote, usinihimize. Lakini nasikia Alhamisi wanakuita mbele ya kamati ya nidhamu. Nitapanda treni ya asubuhi nije nikae upande wako. Wakiuliza mimi ni nani, nitawaambia: shangazi yake, na jirani wa Moira Pendlebury. Halafu wajaribu kunitoa.

Mje na mtoto stesheni, nimwone.

Shangazi yako,
Winnie