Kura Yangu ya Kunyamaza

Alhamisi, baada ya isha

Sijamwambia mtu hili: sikutaka rafiki yangu Rukia atolewe kwenye kundi letu la simu la kasida. Tangu ahamie Faza haji mazoezini, basi ikapigwa kura. Niliona haya, nikanyamaza, na kwa kanuni yetu asiyejibu amekubali. Basi akatolewa. Aliyeiweka kanuni hiyo ni Khalati Swafia, mdogo wake mama na msimamizi wa kundi. "Hata biharusi akiulizwa hunyamaza, na ndoa hufungwa," alisema, tukacheka.

Leo wenzangu wameomba kanuni ibadilishwe, asiyejibu asihesabiwe kabisa. Ikipita, kura ya Rukia itarudiwa.

Nimechanganyikiwa. Kanuni ya zamani hunisemea nisilolitaka. Hii mpya itanifanya kama sipo. Na katika kura yenyewe ya leo, anayenyamaza amekubali mabadiliko au amekubali yaliyopo? Asha aliuliza hivyo hivyo kundini. Khalati akamjibu, "Wewe mwana, usituchoshe."

Nikabonyeza "ibadilishwe". Jina langu likatokea pale pale, kila mtu analiona.

Mara Khalati akanipigia. "Mwanangu, umebonyeza kwa bahati mbaya, sivyo?"

Nilitaka kusema hapana. Sauti haikutoka.

"Nilijua tu. Basi iondoe, kura inafungwa kesho."

Mpaka sasa sijaiondoa. Sijui kesho nitamtazama vipi, sijui hata kama Rukia bado anataka kurudi...

Tafadhali, daftari langu, usimwambie mtu kwamba sikukosea.