Koti la Chumba cha Pili

Jumatatu, 4 Machi

Tumefika kwenye mazungumzo ya biashara. Nchi kubwa zimeleta watu arobaini arobaini. Sisi wawili — mimi na Mkuu. Vyumba vya mazungumzo ni vitano na vyote vinaanza kwa wakati mmoja. Nimepewa viwili: cha pili (bidhaa za viwandani) na cha nne (forodha). Nikamuuliza Mkuu nijigawe vipi. Akasema niache koti kitini, wajue tupo. Eti wajumbe wote wa nchi ndogo hufanya hivyo. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 5 Machi

Kutwa nzima aya moja. Kila nchi iliruhusiwa kulinda bidhaa ishirini zisiondolewe ushuru. Sasa wanataka zibaki kumi na tano, kwa kufuata orodha kuanzia juu. Viberiti vyetu ni namba kumi na nane!

Kaka ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha viberiti, kiwanda pekee kilichobaki nchini. Ushuru ukiondoka, vya nje vitaingia kwa bei ya kutupa na wao watafunga. Nilimwahidi mbele ya mama kwamba viberiti havitoki. Mdomo wangu huu.

Mchana nikavipandisha hadi namba kumi na mbili, nikashusha marumaru. Watu wa marumaru wanisamehe.

Jumatano, 6 Machi

Lifti mbovu. Chumba cha pili kiko chini, cha nne kiko juu. Miguu imekwisha.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeharibu.

Saa nne asubuhi chumba cha nne walianza kubishana juu ya mihuri ya forodha, nikakwama huko dakika arobaini. Huku chumba cha pili mjumbe mmoja mpole, ambaye hata maji huomba kwa kunong'ona, akapendekeza zibaki bidhaa kumi tu. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Akatazama meza nzima. Akagonga nyundo. Kwa taratibu za humu, aliyenyamaza amekubali. Koti langu lilinyamaza.

Nikamfuata karani wa kikao. Akanionyesha kumbukumbu, kwa adabu kabisa: nchi yetu ilikuwepo. Ningebisha nini? Niseme lilikuwa koti? Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Mkuu hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema kesho kuna kikao cha wote, na nchi moja tu ikipinga, kifungu kinafunguliwa upya. Ila kikifunguliwa kimoja, vyote viko wazi. Na wapo wanaosubiri upenyo huo watunyang'anye ruhusa ya kutengeneza dawa zetu wenyewe kwa miaka kumi, aliyoipigania wiki mbili kwenye duru iliyopita. Nikamuuliza basi tufanyeje. Akasema kesho yeye yuko kwa mawaziri, kiti ni changu, niamue. Kanibwagia mzigo, akaenda kunywa chai.

Kaka alipiga jioni. Sikupokea.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika humu humu ukumbini. Wanadhani nachukua maelezo.

Mwenyekiti anapitia ukurasa kwa ukurasa. Anauliza kama kuna pingamizi, anasubiri kidogo, anagonga. Mwenye kupinga anasimamisha kibao cha jina la nchi yake. Hajasimamisha mtu. Changu kiko hapa mbele, kimelala.

Dawa ni za watu wote wa kwetu. Kiwanda ni watu mia mbili na kumi. Ingekuwa hesabu rahisi kama nisingemjua hata mmoja wao. Naogopa, basi.

Kaka kaandika. Msimamizi kawakusanya uwanjani asubuhi, watu wana wasiwasi, wengine wameanza kufungasha vifaa vyao. Yeye kawaambia watulie, mdogo wake yumo humo ndani.

Nimemjibu kwamba kikao bado kinaendelea. Si uongo. Orodha yetu iko ukurasa wa arobaini na tatu. Sasa hivi tuko arobaini na moja.

Kagonga. Arobaini na mbili.