Nikipona Mimi, Anaugua Yeye

Jumanne, 4 Juni 1996

Jioni hii tena mama mkwe ameleta uji. Kikombe cha bati, kimefunikwa na sahani. Ameweka mlangoni, akasema kunywa ungali moto, akaenda zake. Mama Orpah! Mwanamke ambaye tangu niolewe hapa Birongo hajaniletea hata chumvi.

Kwa nini sasa?

Tangu nimzae Mokeira mwili huu si wangu. Mabega, kiuno, mapaja, mpaka nyayo. Kama mtu aliyenyeshewa mvua ya mawe akiwa uchi. Shuka ikinigusa tu naumia. Nalala na kuamka, nalala na kuamka, na asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala. Hospitali wamepima malaria, taifodi, brusela, wakapiga picha ya mgongo. Kila kitu safi. Daktari akatabasamu — mama, haya ni mawazo, rudi nyumbani ufanye kazi.

Mume wangu Angwenyi yuko Kericho, kiwandani. Alipokuja mara ya mwisho alisema kama siwezi kuchuma chai wala kuchota maji, basi nirudi kwetu Nyaramba nikapumzike. Nikapumzike. Najua maana yake. Na Mokeira? Mtoto ni wa boma, alisema, mama atamlea. Mama huyu huyu wa uji.

Nimeumwaga kwenye shina la mgomba.

Naandika Kiswahili kwa sababu Mama husoma Ekegusii peke yake, Biblia na nyimbo. Humu ndani ya daftari hawezi kuingia.

Jumatano, 5 Juni

Amejua. Alikuja na kikombe kingine, akasimama.

"Jana umemwaga. Na migomba yangu haijaniambia inaumwa."

Akafunua, akanywa mafunda mawili mbele yangu, akajifuta mdomo na leso. "Kama ni sumu tutakufa wote wawili. Watachimba mara moja."

Nikanywa kwa aibu. Wimbi, maziwa mengi, na chini yake ladha fulani — kama majani yaliyokanyagwa. Nimemlaza Mokeira upande wa ukuta na kufunga leso yake kwenye mkono wangu. Akigeuka nitaamka. Nisipoamka, hapa nimeandika: nilikunywa uji wa mama mkwe.

Alhamisi, 6 Juni

Nimelala! Mokeira ndiye ameniamsha kwa kunivuta pua. Maumivu yapo, lakini yako mbali, kama redio ya jirani.

Sifurahi. Kitu kinachoweza kukulaza hivi kinaweza kukulaza kabisa.

Jumapili, 9 Juni

Nimemfuata. Alisema anaenda kukata majani ya ng'ombe, na panga hakuchukua. Nikampa nafasi, nikazunguka nyuma ya banda la kuku. Kule katikati ya nyasi za nepia, mahali mtu hapiti, umesimama mti mmoja mrefu kuliko mimi. Mama alikuwa anachuma majani yake moja moja, kwa vidole viwili, vile tunavyochuma chai.

Naujua mti huo. Huku kila mtu anaujua. Ukija ugonjwa wa kuku, majani yanawekwa kwenye maji yao. Kila boma lilikuwa na shina moja au mawili nyuma ya banda, mpaka chifu alipotusomea sheria mpya kwenye baraza na watu wakang'oa.

"Mama, hiyo ni bangi."

"Ni dawa ya kuku."

"Sasa mimi ni kuku?"

"Kuku hutaga," akasema. "Wewe tangu mwaka juzi hata yai."

Halafu akakaa juu ya jiwe, na sura yake ikabadilika. Akaniambia hivi: alipomzaa Angwenyi alipatwa na haya haya ninayopata mimi. Mwili mzima. Hospitali, hakuna kitu. Mama mkwe wake alimwita mvivu mpaka siku alipozikwa. Ndipo akapewa majani haya na shangazi yake, ayachemshe kwenye maziwa kidogo kidogo, anywe jioni. Amekunywa miaka yote hiyo. Bila hayo asingelala, bila kulala asingechuma chai.

Mama Orpah, shemasi wa kanisa! Hata chai hanywi, tunachuma tu. Alimtoa binti mmoja kwenye kwaya kwa sababu ya ugoro.

"Mbona uliniacha nikaumia miaka miwili?"

"Nilitaka kuona kama ni kweli. Kuna ugonjwa na kuna uvivu, na vyote viwili hulala mchana."

Akasimama, akakung'uta sketi. "Na ukilitaja jani hili kwa mtu, nitasema umelileta wewe kutoka Nyaramba. Tuone wataamini nani."

Sasa hii ni dawa au ni mtego? Angwenyi akisikia mkewe anakunywa bangi, hatasema tena nikapumzike. Nitaenda na nguo zangu tu. Na shahidi ni mmoja, ameshaniambia atakana.

Nimempa masharti. Kidogo tu. Mokeira awe ameshalala. Na asiguse sufuria ya mtoto, hata kwa kuiosha.

"Hata mimi nililea," akasema. Lakini amekubali.

Alhamisi, 20 Juni

Sijaandika, nilikuwa na kazi. Neno hilo — kazi! Nachuma, nachota maji, nambeba Mokeira mgongoni bila kuuma meno. Maumivu hayajaisha. Yamekaa kando kama mgeni asiyeaga. Lakini nalala.

Leo kwenye kituo cha kupimia majani ya chai Persis alianza. Persis ni mke wa Ogari, kaka mkubwa wa Angwenyi. Mdomo wake hauna mlango.

"Mama Mokeira, umenunua wapi miguu mipya? Tuambie na sisi tukabadilishe."

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akaniegemea sikioni. "Na ile ya omong'ina, mzee wako wa nyumbani, umeipeleka wapi?"

Nikageuka. Mama alikuwa anapanda mlima nyuma yetu na kikapu nusu, ameshika vichaka vya chai kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto. Mke wa mtu fulani akamsalimu: "Omong'ina, bwakire," na hakuitikia, pumzi haikutosha.

Tangu lini? Mimi nilikuwa naangalia kikombe tu. Mtu mwenyewe sikumwangalia.

Jumamosi, 22 Juni

Sabato ya Meza ya Bwana. Wanawake tulitengwa upande wetu kuoshana miguu. Mama alikuja kwangu na beseni, mbele ya wote. Nikashangaa, shemasi huchagua wazee wenzake. Akapiga magoti, akaniosha vizuri, mpaka katikati ya vidole. Mikono yake ilikuwa ya moto.

Halafu akashindwa kuinuka.

Alijaribu, akashika kiti, akajaribu tena. Maji yakamwagika. Nikamshika kwapani nikamwinua, mwepesi kama kikapu cha majani makavu. Kanisa zima likaona: yule aliyekuwa haoshi hata vikombe anamwinua yule aliyekuwa hachoki.

Wakati wa wimbo nilisikia nyuma yangu, wala hawakujificha. Msichana amenona. Mzee amekauka. Vitu haviendi hewani, lazima vitoke kwa mtu.

Nikaogopa kugeuka.

Jumatatu, 24 Juni

Nimemkuta jikoni anakoroga uji. Sufuria ndogo, kikombe kimoja.

"Chako kiko wapi?"

"Nimeshiba."

Nikashika mkono wake wa mwiko. Ndipo akasema. Mti ni ule mmoja. Ile mingine aliing'oa siku ya baraza. Majani yanatosha mtu mmoja, watu wawili hayatoshi. Tangu aanze kunipa mimi, yeye hajanywa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekunywa?"

Nilitaka kulia, halafu nikakumbuka huyu ni nani. "Mama, kwa nini unanifanyia hivi?"

"Nani atachuma chai yangu? Persis?"

Na mimi nabaki na swali. Ng'ombe wa kulima pia hulishwa kwanza. Ananipenda, au anataka mikono yangu? Au anataka kijiji kione anavyokauka, kisha wamalizie wenyewe? Nimeyageuza haya yote tangu mchana, kila upande una harufu yake.

Lakini kikombe nimempa yeye. Amekataa. Nikaketi mlangoni na kumwambia sitoki mpaka kiishe, vile ninavyommezesha Mokeira kwinini. Amekunywa akinitazama kwa hasira.

Jumatano, 3 Julai

Sasa mwili umerudi vile ulivyokuwa. Leo ndoo imenishinda kisimani, nimeimwaga nusu. Mokeira akitaka kubebwa namkalisha mapajani namwimbia, na hata mapaja yanakataa. Mama yeye amenyooka. Ameenda mpaka sokoni na kurudi na ndizi kichwani.

Nilidhani nimemaliza maneno yao. Kumbe nimeyageuza tu.

Persis alikuja na wawili wengine. Hawakuingia. Persis akaongea kwa upole, na upole wake ndio umenitisha.

"Mama Mokeira, utusamehe. Tulidhani ni wewe unayemla mzee. Kumbe ni mzee. Alikuwa anakunenepesha."

Nikamwambia hakuna anayemla mwenzake hapa. Akanitazama vile unavyomtazama mgonjwa akisema hajambo. "Usiogope," akasema. "Ogari ameshatuma neno Kericho. Jumapili watu watakaa."

Mwaka juzi ng'ambo ya mto watu walikaa hivyo hivyo kwa ajili ya bibi mmoja. Alikuwa na madoa ya uzee mkononi, basi. Jioni nyumba ilikuwa inawaka na yeye alikuwa ndani. Mkaza mwana wake aliulizwa, akanyamaza. Kunyamaza tu.

Ijumaa, 5 Julai

Tumejaribu nusu kwa nusu. Asubuhi wote wawili tumetoka nje tunachechemea. Mama akaniangalia, nikamwangalia, akacheka mpaka akashika ukuta. Sijawahi kuona meno yake ya nyuma.

Majani yameisha. Mti umebaki fimbo.

Jumapili, 7 Julai

Wamejaa uani. Ogari, Persis, majirani wa juu na wa chini, Mzee Ombui wa kanisa na kofia yake magotini. Na vijana nisiowajua wamesimama kwenye ua, hawajakaa, hawajasalimu.

Angwenyi alifika jana. Leo asubuhi akanivuta kando. Hakunigombeza. "Nyamoita, sema tu. Ni mama au si yeye? Ukikaa kimya watajibu wao." Nikamwuliza, je ikiwa ni kitu kingine? "Kitu gani?" Ningemwambia pale pale. Lakini niliona mkono wake umemshika Mokeira, na jinsi mtoto anavyompenda.

Mama naye aliingia jikoni nikiwasha moto. Amevaa nguo ya Sabato.

"Utasema nini?" akaniuliza.

"Wewe utasema nini?"

Akanirekebisha kitambaa kichwani, akatoka.

Ogari ameanza kwa maombi, kisha akamwuliza mama yake mzazi mbele ya watu: huyu msichana amekufanyia kitu? Mama akanyoosha leso yake. Ogari akanigeukia mimi: au ni yeye amekufanyia? Nikasema mtoto anasikia baridi, nimletee sweta. Ndiyo maana niko humu ndani. Sweta iko hapa kwenye magoti yangu.

Nihesabu haraka. Nikisema ni mama, wale vijana hawatangoja giza. Nikisema si yeye, basi ni mimi. Nikilitaja jani, ni polisi, ni kanisa, na Angwenyi anachukua mtoto. Na Mama alishaapa atasema ni langu. Shemasi. Wataamini nani?

Lakini jani halichomi mtu ndani ya nyumba.

Ogari anaita. Amesema hiyo sweta inafumwa, au namna gani? Watu wamecheka kidogo, hata Mzee Ombui.

Nachungulia mlangoni. Benchi refu lote Mama amekaa peke yake. Hakuna aliyetaka kukaa karibu, hata wajukuu Persis amewavuta kwake. Amenyoosha mgongo, anatazama mbele. Sasa amesogea. Amesogea mpaka mwisho wa benchi, kama mtu anayeacha nafasi. Au kiuno kinamwuma tu, anatafuta pa kuegemea.

Nitakaa pale. Kwanza nikae, halafu nilitaje jani. Akisema ni langu, atalisema nikiwa nimekaa naye bega kwa bega, na nitamwacha aseme. Ogari anaita tena; naweka kalamu chini, natoka na sweta.