Kucha za Chuma Kwenye Kibuyu cha Mama

Mpendwa Baba Ng'washi,

Sijui kama huko uliko barua zinafika, lakini swali hili nimelibeba tangu tukuzike na sasa limenichosha. Kwa nini kibuyu cha mama yako? Nyumba nzima ilikuwa na mahali pa kuficha: paa la nyasi, kihenge cha mtama, hata zizi. Wewe ukachagua kibuyu cha mwanamke mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa samadi. Usukumani, ambako macho mekundu peke yake yanatosha mwanamke kuitwa mchawi, Baba Ng'washi! Ulizaliwa huku au uliokotwa?

Nakumbuka ulipokuwa ukipakia marobota kwenye jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba. Yule fundi wa mashine, Singasinga mwenye kilemba cha buluu, alikupenda kwa kuwa hukuchoka kumuuliza maswali. Akakufundisha mapigano ya kwao, kisha akakupa kile kichuma: pete mbili, moja ya kidole cha shahada na nyingine ya kidole cha mwisho, na kati yake kucha nne zinazojificha kiganjani. Ukifumba mkono, mtu anaona pete tu. Kwao wanaziita kucha za chui, yule chui wao mkubwa mwenye milia. Akakuapisha kwamba silaha ya siri huonyeshwa watu wawili tu, adui na mwanafunzi. Hayo uliniambia baadaye sana. Wakati ule ulirudi nyumbani bubu.

Ulidhani sijui kitu. Kila mchana, watu wakipumzika baada ya palizi, ulijipenyeza nyuma ya zizi ukaanza kuchuchumaa, kugeuka na kuparua hewa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua wa minyaa nikichambua mlenda. Hatua zako nilizijua kama ninavyojua kutwanga.

Ikaja operesheni ya vijiji, serikali ikituhamisha kwa lazima. Lori likatushusha upande wa Kasoli, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba, tukiwa na majirani tusiowajua vizuri. Katika kushusha mizigo, kibuyu kikaanguka, kikapasuka. Kucha zikatoka, zimeviringishwa kwenye kitambaa cheusi chenye grisi. Na wiki hiyo hiyo ndama wa Mabula, jirani yetu mpya, alikuwa amekutwa ameliwa.

"Kumbe ni wewe, mayu, mama mchawi!" Mabula akapiga kelele. "Ndama wangu umemla wewe kwa kucha hizi!"

Watu wakaokota fimbo. Mama akasema tu, "Bana bane, wanangu, hicho mimi sikijui." Na wewe mwenye mali ukasimama pale umefumba mdomo, eti kiapo. Kiapo! Mama yako anataka kuuawa mbele ya macho yako, na wewe unamtunzia siri fundi aliyeko kwenye mashine zake. Nikiukumbuka uso wako wa siku ile, mpaka leo natamani kukuchapa na mwiko.

Nikakiokota mimi, maana nilipoona zile kucha nilijua mara moja ulichokuwa ukiparulia hewa. Nikakaza khanga kiunoni, nikavaa pete, nikafumba mkono. Nikachuchumaa, nikageuka, nikaliparua gunia letu la pamba kutoka chini kwenda juu. Pamba ikamwagika yote.

"Mabula, sogea uone," nikamwambia. "Hii inachana. Ndama wako alinyofolewa paja, mifupa ikavunjwavunjwa. Hiyo si kazi ya fisi? Na kichuma ni cha huyu mwanamume, anachezea michezo ya Wahindi nyuma ya zizi. Muulizeni mwenyewe!"

Mabula akalitazama gunia, akakutazama wewe, akatupa fimbo. Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Mama akanishika mkono ule ule wenye kucha. "Wabeja, ng'wana wane, asante mwanangu," akasema, akalia sana.

Jioni ukanifuata jikoni. Nikajua unakuja kushukuru. Ukasema, "Mguu wako wa kushoto unachelewa."

Jamani! Ndipo ukanieleza kiapo, kwamba kwa kuwa nimeona mpaka nikavaa zile pete, sharti niwe mwanafunzi wako, la sivyo umekivunja.

"Na nikitaka kuwa adui?" nikauliza.

"Hilo tumwachie Mungu."

Basi ukanifundisha miaka yote, mimi nikiwa na ugali jikoni na mtoto mgongoni, na wewe hukuacha kusema mguu, mguu, mguu. Mama alikaa kwenye kigoda akitucheka. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, nami nikiwa nimemshika mkono. Asante hukuitamka hata siku moja, mtu mkaidi wewe. Nimekukasirikia na nimekukumbuka, na siwezi kuvitenganisha.

Leo asubuhi nimekwenda nyuma ya nyumba, nikavaa zile pete. Nimechuchumaa, nimegeuka. Mguu wa kushoto haukuchelewa, Baba Ng'washi. Nikasimama pale nikisubiri useme kitu.

Lala salama, mzee wa siri.

Mkeo na mwanafunzi wako wa lazima,
Mama Ng'washi