Cherehani Iliyokuja Begani

Shoga, kwa kuwabembeleza wauzaji wa mtandaoni hakuna anayenifikia. Ndiyo maana nimebaki na sindano ya mkono.

Ile cherehani kuukuu ya fundi mmoja aliyekuwa akiiuza mtandaoni imerudi kwake, na nyingine ninayoimudu sitaipata tena.

Alisema nikaichukue mwenyewe au nilipie kutumiwa. Nikamwandikia kwamba niko kitandani, sijiwezi, anitumie kwa gharama yake.

Kumbe mtu ana huruma. Kaileta mwenyewe, begani, jasho linamtiririka.

Kanikuta juu ya meza natundika pazia.

"Bibi mgonjwa yuko wapi?"

"Kalala ndani, baba. Mimi mdogo wake. Itue hapo."

"Basi ngoja nimpigie, nimpe pole."

Shoga, simu ikalia kifuani mwangu. Kifuani mwangu.